Askari Asiyedai Mshahara

Ukitaka kujua kama mbuyu una mwenyewe, usiutazame juu, tazama shinani. Utaona sarafu zilizoota kutu, kichupa cha marashi kilichokwisha, kitambaa chekundu kilichofifia, kifuu chenye majivu ya udi, na kando kidogo, kandambili moja ya mguu wa kushoto. Hiyo kandambili si sadaka. Mwenye nayo alikuwa akikata njia jua linatua, akasikia kitu kinachakarisha majani, na papo hapo akakumbuka kuwa ana haraka. Kilichochakarisha huenda ni kenge, lakini kenge hana hadithi, kwa hiyo kesho yake mtaa mzima utaambiwa ni jini, na yule aliyekuwa na nia ya kubandua gome la mbuyu asuke kamba atakwenda dukani kununua ya nailoni. Hapo ndipo ilipo hoja yangu: miti ya kale ya pwani yetu haikulindwa na vibao vya serikali. Imelindwa na askari huyu asiyedai mshahara wala likizo, na mikasa inayowapata wageni wake ndiyo kazi yake ya kila siku.

Tuanze na Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya jamii za Mijikenda, ulio karibu na Diani, kule Kwale. Kaya za Mijikenda ziliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini UNESCO ilikuta kazi imeshafanywa. Mashamba na hoteli vilikuwa vimeulamba msitu wa pwani kipande kwa kipande, kaya zikabaki kama visiwa, kwa sababu kukata mti humo ni kuwakosea waliokufa, na wafu hawapokei kitu kidogo. Mgeni anayeingia Kinondo hufungwa kaniki kiunoni, huambiwa asibusiane na mwenzake humo ndani, wala asitoke na chochote, hata kijiti. Wajuaji huicheka kaniki. Naona hawajaitazama sawasawa. Kaniki haina mkanda wala zipu. Inashikwa na fundo, na fundo la asiyezoea hudumu hatua kumi na tano. Kuanzia hapo mkono mmoja ni wa kushika nguo, na wa pili una simu. Kitambi kilichonenepeshwa na vyakula vya hoteli kinasukuma, mzizi unakwaza, simu inaanguka, na kuinama hakuwezekani bila kuhatarisha heshima ya ukoo. Mtu wa namna hiyo ataanzia wapi kuchuma ua au kuchonga jina? Ni pingu tosha, tena anazivaa kwa hiari yake na kulipia kiingilio juu.

Maana mwanadamu akiachwa mbele ya mti mkubwa na mikono miwili mitupu, hutoa kisu. Michel Adanson, yule Mfaransa ambaye mbuyu umepewa jina lake la kisayansi, Adansonia, alifika Senegal mwaka 1749, na katika visiwa vilivyo karibu na Dakar ya leo akakuta mibuyu yenye majina ya mabaharia wa Ulaya yaliyochongwa zamani kabla yake. Badala ya kuona aibu kwa niaba yao, alichukua vipimo, akapiga hesabu, akatangaza kuwa mbuyu huweza kuishi zaidi ya miaka 5,000. Vipimo vya kaboni vya siku hizi vimeikata hesabu hiyo nusu. David Livingstone, mtu wa sala na maadili, alipofika kwenye kisiwa kilicho ukingoni mwa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya mwaka 1855, naye alichonga herufi za jina lake na mwaka kwenye mti, kisha akakiri kitabuni kwamba ni mara hiyo moja tu alipojiruhusu upuuzi wa aina hiyo. Kama Livingstone alishindwa kujizuia, tutamlaumu vipi kijana wa kidato cha pili anayeandika jina la mpenzi wake na kuchora moyo unaofanana na kiazi? Na kisu si mwisho wa mambo. Katika shamba moja la Limpopo, Afrika Kusini, mbuyu wenye uwazi mkubwa tumboni uligeuzwa baa mwaka 1993. Mwaka 2016 ukameguka kipande, mwaka uliofuata kingine. Sisemi bia ndiyo iliyouua. Nasema tu kwamba hakuna aliyewahi kukimbia baa na kuacha kandambili, isipokuwa bili ilipoletwa.

Kuna watakaosema ni imani za watu wasiosoma. Basi watazame waliosoma. Mtabiri wa Wakikuyu, Mugo wa Kibiru, inasimuliwa kuwa alisema utawala wa Waingereza ungekwisha pale mti mmoja wa mugumo huko Thika utakapoanguka. Wakoloni, watu wa sayansi na mafaili, wangeweza kucheka na kuendelea kunywa chai. Walichofanya ni kuufunga mti pete ya chuma ili usianguke. Hebu tafakari ofisa aliyeandika ombi la chuma hicho: katika ile nafasi ya sababu alijaza nini? Mwaka 1963 radi ikaupiga, mti ukaanguka na pete yake, na Desemba ya mwaka huo huo bendera ikashuka.

Sheikh na mchungaji, ambao ni nadra kukubaliana, hapa husema kwa sauti moja kwamba huu ni ushirikina. Nawaelewa, ila kutii sharti la mwenye nyumba si kumsujudia. Anayevua viatu mlangoni kwa jirani haabudu zulia. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hofu hiyo hiyo imegeuziwa watu, na wazee wameuawa Kilifi kwa kuitwa wachawi kwa sababu ya mvi zao. Hilo halichekeshi na silitetei. Lakini jini wa mbuyu amekaa pale pale na anachotaka ni uondoke. Ile hofu nyingine hutembea nyumba kwa nyumba ikitafuta mwenye shamba la kurithiwa. Ukiikagua vizuri utakuta haina jini ndani yake, ina ekari.

Nakubali pia kwamba askari wangu ana udhaifu. Hawezi ukame: mbuyu wa Panke, Zimbabwe, uliokadiriwa miaka 2,450, ulijiangukia vipande vipande mwaka 2010 na 2011, na wataalamu waliochunguza vifo vya mibuyu mikongwe wanashuku mabadiliko ya tabianchi. Na hawezi fedha. Huko Kilifi, mibuyu ilinunuliwa kwa wenye mashamba, ikang'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, mpaka Novemba 2022 Rais William Ruto akaamuru kibali kichunguzwe. Mbuyu ukapangiwa safari ya ng'ambo wakati mwenye shamba bado anahangaikia pasipoti. Lakini hili halivunji hoja yangu. Kreni ilipita pale ambapo jini alikuwa ameshaachishwa kazi. Palipokuwa na udi na kitambaa chekundu, dalali angelazimika kwanza kuzungumza na wazee, na wazee hawana haraka.

Na kama bado kuna mtu anayedhani askari huyu amestaafu, aende magofu ya Kaole, Bagamoyo, kwenye ule mbuyu mkongwe ambao wageni huambiwa kuuzunguka huongeza umri. Mtanzania akisikia habari za kuzunguka mbuyu hugeuka kwanza kuangalia nyuma, kwa kuwa hilo ndilo jina la adabu la kutoa hongo. Kisha aje msomi, aeleze kwa dakika kumi kuwa umri hauongezwi na matembezi, arekebishe miwani, aseme atazunguka kwa ajili ya kunyoosha miguu tu. Atapiga hatua mbili, atasimama, na kwa sauti ya chini atamuuliza anayewatembeza: "Samahani, ndugu yangu, tunaanzia kulia au kushoto?"