Feni Imezimwa kwa Ajili ya Bakuli

Joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari halihitaji msimulizi. Asiyelijua aje akae sebuleni kwangu, maana feni nimepigwa marufuku kuiwasha. Umeme upo, luku ina yuniti, feni ni nzima. Ila juu ya kabati la televisheni kuna bakuli la udongo linakauka, na mama watoto ameamua kwamba likipigwa na upepo, ukingo utakauka kabla ya kitako, huku kukijivuta na kule kukigoma, na bakuli litaingia ufa. Kwa hiyo bakuli limefunikwa mfuko wa plastiki, masalia ya enzi za kabla ya katazo la 2019, likauke taratibu. Mimi nimevua shati, natiririka jasho kwa kasi yangu mwenyewe.

Kazi yenyewe huanzia mezani, meza ile ile ninayolia. Udongo unakandwa kama unga wa chapati, ila mwisho wa chapati angalau mtu anakula. Unasukumwa kwa viganja, unakunjwa, unasukumwa tena, mpaka kusibaki kibonge wala kiputo cha hewa. Kisha donge linakatwa katikati ili likaguliwe tumbo, na hapo ndipo ulipoishia mshipi wangu wa kuvulia. Umekatwa kipande, kikafungwa vijiti viwili kwenye ncha, ndicho kisu. Samaki wa Kigamboni wamepata ahueni.

Njia za kuunda chombo kwa mkono zote zimepita sebuleni kwangu. Mwanafunzi huanza kwa kubinya: donge linakaa kiganjani, unalitoboa kwa kidole gumba, halafu unabinya huku ukizungusha mpaka ukuta upande. Kuna ya kusokota kamba za udongo na kuzipanga duara juu ya duara, maungio yakisawazishwa kwa kidole. Na kuna ya kusukuma udongo ukawa bapa, ukaukata vipande na kuviunga, ndiyo maana fimbo ya kusukumia chapati haijagusa unga tangu Krismasi.

Nikilalamika naletewa habari za Wakisi. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe na Matema, kule Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu vya mviringo safi bila gurudumu la umeme, wakavichoma kwa moto wa nje, vikapakiwa mitumbwini kwenda sokoni. Sawa, nawapa heshima yao. Lakini sijasikia Mkisi aliyemnyima mumewe feni, na isitoshe, wao wana upepo wa ziwa.

Siku ya kikombe ndiyo iliyonimaliza. Kikombe kinataka mkono, na mkono haubandikwi tu. Pande zote mbili zinakwaruzwa, zinapakwa uji wa udongo, ndipo zinagandamizwa. Bila hivyo mkono unadondoka. Cha kukwaruzia ni uma. Uma wetu wa kulia. Tena kuna wakati wake: udongo uwe umekaza kiasi cha kushikika bila kubonyea, lakini bado una unyevu. Hiyo huitwa hatua ya ngozi. Ukiupita wakati huo, mkono mbichi utasinyaa kuliko kikombe na hao wawili wataachana. Basi mama watoto huamka saa nane za usiku kwenda kukagua ngozi. Mimi nikikohoa saa nane hiyo hiyo, naambiwa nigeukie ukutani.

Kujua kama chombo kimekauka kabisa, kinawekwa shavuni. Kikiwa cha baridi, ndani bado kuna maji. Shavu linalotumika ni langu, eti la kwake lina mafuta. Natazama mpira, mara naona chungu usoni.

“Baba watoto, baridi?”

“Baridi.”

“Basi feni isiwashwe.”

Na kudanganya siwezi. Chombo chenye maji kikiingia tanurini, maji yanageuka mvuke, na mvuke ukikosa njia unabomoa ukuta. Watu wengi hulaumu hewa, kumbe mvunjaji mkuu ni maji. Kikipasuka kimoja, vipande vyake vinawajeruhi majirani, na lawama zote zinarudi kwenye shavu langu.

Tanuri lenyewe ni la kukodi. Vyombo vibichi huenda kwa bajaji, mimi nikiwa nimevipakata, dereva akibembelezwa kwenye kila tuta. Kikombe nilichoahidiwa kilianza kikubwa, cha mtu mzima. Kikakauka, kikapungua. Kikachomwa kwenye nyuzi 1,000 hivi, kikapungua tena. Kikapakwa ile dawa inayoyeyuka kuwa kioo, kikarudishwa motoni. Udongo unaweza kupoteza sehemu moja ya kumi ya kipimo chake kutoka ubichi hadi kuiva. Inaonekana ndogo, ila toa ya kumi kwenye upana, ya kumi kwenye urefu, ya kumi kwenye kimo, halafu upige hesabu ya ujazo: zaidi ya robo ya chai yangu imeungulia tanurini. Nimebaki na kikombe cha kahawa ya kijiweni.

Hata cha kuvunjika hakitupwi. Vigae husagwa vikachanganywa na udongo mpya, viupunguzie kusinyaa na kuyapa maji pa kutokea. Vizima navyo havikai: kimoja kimekwenda kwa dada yangu, kingine kwa mama mkwe, viwili kanisani. Wahenga waliosema mfinyanzi hulia gaeni hawakumfikiria mumewe. Mimi nalia kwenye sahani ya plastiki.

Sasa yameanza maneno ya gurudumu. Nimeelezwa kwamba donge linabandikwa kwenye sahani inayozunguka, linabanwa kwa viganja mpaka litulie katikati bila kuyumba, na kwamba hapo katikati ndipo wanafunzi wanapolilia. Gurudumu hilo linatumia umeme, bila shaka. Umeme wa feni una madhara, wa gurudumu hauna. Jana nimemkuta sebuleni na futi kamba. Nimemuuliza hilo dude litakaa wapi. Hakunijibu, aliniomba tu nisimame kidogo apime kochi.