Watazama Ndege wa Kibirizi

Kila Machi na Aprili, Waingereza hutoka na darubini kumngoja mbayuwayu. Akitokea, shangwe: ndege wetu karudi! Wenu? Miezi yote ya baridi bwana huyo alikuwa Afrika, akila mbu na kumbikumbi wetu bila kulipia kitanda, na masika yakikolea huyo, hata kuaga hakuna.

Kigoma nasi tunatazama ndege, tena kwa bidii. Pale Kibirizi mama ameketi kando ya chanja za kukaushia dagaa, kanga kichwani, fimbo mkononi. Darubini ya nini? Mwewe akizunguka juu ya ziwa, mama anajua huyu anapita, yule anakuja kuiba. Kunguru mwenye shingo nyeupe anamfahamu kama jirani mwenye madeni, na hodi yake huijibu kwa kokoto.

Mtalii yeye hupelekwa Ujiji, chini ya miembe ya Livingstone, akaangalia juu na kujaza daftari majina ya Kilatini. Mama Kilatini hana. Ana matusi, na kila ndege ana lake. Mwulize kama anawapenda ndege, atakujibu kwa adabu zote: “Sana, mwanangu. Hasa wakiwa ng'ambo, Kongo.”