Mwami Nguruwe na Miwale ya Punia

Kaskazini ya Kindu, huko Punia, kwenye vijito vinavyomwaga maji mto Lowa, palikuwa na kinamasi kilichojaa miwale, jamii ya mimea yenye majani marefu kuliko yote duniani. Tembo na Kasuku walishiba hapo. Tai mla mawese alichambua maganda ya matunda, akaangusha kokwa mbali na shina, nazo zikaota.

Mwami wa kinamasi alikuwa Nguruwe. Siku moja Kima alimletea kibuyu cha utomvu wa mwale, mtamu, bado unatoa povu. Mwami akanywa, akataka cha pili, na kabla ya magharibi akatoa amri: kila mwale uliovimba kichwa, dalili kwamba unakaribia kuchanua, ni wa Mwami. Kima akapanda, akakata kilele, akatega.

Mwale hauzai mwaka hadi mwaka kama mchikichi. Shina huweka akiba ya wanga kwa miaka mingi, huchanua mara moja, huzaa mikungu mizito, kisha hufa. Utomvu ule ndiyo akiba yenyewe. Anayegema kabla ya maua amekunywa watoto wote wa shina lile.

Matunda yalipopungua, Mwami alimshtaki Tai kwa wizi, akamfukuza. Kabuluku, yule paa mdogo, karani wa baraza, akaandika kwamba kinamasi ki salama, kwa sababu alihesabu miwale iliyosimama, asiulize mingapi imepata kuzaa. Hesabu ya namna hiyo ingedanganya hata Peru, kwenye vinamasi vya karibu na Iquitos. Huko aguaje, ndugu wa mbali wa mwale, ina miti ya kike na ya kiume. Wachumaji waliangusha ya kike wapate matunda, ya kiume ikabaki imesimama, na kwa mbali ungesema msitu mzima. Baadaye vijiji kadhaa vikaanza kupanda kwa mikanda na kukata mikungu tu.

Kule Punia, Kakakuona akaja barazani na tunda moja la mwale, la kahawia, limevaa magamba kama yeye.

“Mwami, mimi huzaa mtoto mmoja kwa mara moja. Ukinila kabla sijazaa, umepata kitoweo cha siku moja, na ukoo wangu umekwisha. Huyu naye ndivyo alivyo.”

“Basi tuache mingapi?”

“Yote, mpaka miche ifike magoti ya Tembo. Baada ya hapo, katika kila kundi, mwale mnene kuliko wenzake usiguswe hadi udondoshe matunda. Na Tai arudi.”

“Na mimi nitakunywa nini?”

“Maji ya Lowa, baba watoto,” akajibu mkewe, aliyekuwa ameshinda kutwa akifukua potopoto bila kupata hata kokwa moja ya kulisha wanawe.

Kima akashusha vibuyu siku ileile. Kabuluku akaagizwa kuhesabu upya, safari hii akiwa ameinama, kwa maana Mwami alitaka kujua idadi ya miche.