Chapa ya Kweli, Jibu la Uongo

Miongoni mwa mafundi bunduki wanaoulizwa sana na wakusanyaji wa silaha za kale, wamo wawili ambao hawakuwahi kuzaliwa. Wa kwanza anaitwa Nitro Proof, wa pili Acier Cockerill. Mtu huko Marekani au Uingereza karithi bunduki ya marisau ya babu yake, kaifuta vumbi, kayaona maneno hayo kwenye mtutu, na papo hapo anaanza kuulizia: huyu Bwana Nitro karakana yake ilikuwa wapi, na kazi zake siku hizi zinakwenda kwa bei gani? Maneno ya kwanza yanasema tu kwamba mtutu ulijaribiwa kwa baruti ya kisasa, ile isiyo na moshi mzito, na haukupasuka. Ya pili yanataja chuma: kilitoka kwenye viwanda vya Cockerill vya Seraing, jirani na Liège, Ubelgiji, na mafundi chungu nzima walikitumia. Ni kama kuvaa suti iliyoshonwa Kariakoo kisha ukamsifu fundi kwa jina lililobandikwa kwenye koni ya uzi.

Dar es Salaam haina wakusanyaji wengi wa bunduki, na sheria ya silaha ya mwaka 2015 haikutungwa ili kuwaongeza. Lakini ugonjwa wao hauhitaji bunduki. Shuka Msimbazi, kata kushoto au kulia upendavyo, utaukuta umejaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ya redio, ya chaja na ya spea. Tumezoea kuwalaumu wauza feki kwa kila hasara inayotupata pale, na lawama hiyo ni halali, ila nadhani inawapa sifa kuliko wanavyostahili. Chapa bandia hutudanganya mara moja moja. Chapa halali ndiyo hutuangusha kila siku, kwa sababu tunaiuliza swali ambalo haikupigwa ili kulijibu, na yenyewe, kwa adabu, haikatai.

Tuanze na namba, maana hizo ndizo zinazoheshimiwa bila kuhojiwa. Vita vilipofika Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado wameshika Mauser za modeli ya 1871, zilizofuka moshi mzito kila risasi ilipotoka. Chapa yake inasoma I.G.Mod.71. Hiyo 71 ni mwaka ambao mtindo ulikubaliwa, wala haisemi bunduki yenyewe ilitengenezwa lini, lakini kuna watu wameapa kwa namba kama hiyo kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Bunduki ya Kichina aina ya 56 ni mtihani zaidi: 56 ni modeli, na ile 66 iliyofungiwa kwenye pembetatu ni namba ya kiwanda. Mwenye haraka ya hesabu anatoka hapo na historia kamili, kwamba ilizaliwa 1956 na ikafanyiwa ukarabati 1966. Pembeni kuna herufi L na D. Anayesoma kwa Kiingereza ana kila sababu ya kudhani L ni kufunga, kumbe kwa Wachina L ni risasi mfululizo na D ni moja moja, na hapo kicheko kinaweza kuishia Muhimbili.

Namba iliyo karibu zaidi na mifuko yetu, hata hivyo, ni ya bunduki ya marisau. Inaitwa namba 12 kwa sababu tundu la mtutu wake linalingana na goroli la risasi ambalo magoroli 12 ya aina hiyo yanatimiza ratili moja. Ndiyo maana namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12: goroli likipungua, idadi ya kutimiza ratili inaongezeka. Anayedhani ameuziwa kubwa kwa kuwa 20 inaishinda 12 tunamcheka, kisha tunakwenda kununua mabati. Geji nayo inakwenda kinyumenyume. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la 30 ni nene kuliko la 32. Sasa fikiria mteja aliyeambiwa na fundi wake alete geji 28. Anafika dukani, anaona ya 32, imezidi nne nzima na bei imeshuka. Anamshukuru Mungu, anapakia kwenye guta, na njia nzima anajiona amewaweza wafanyabiashara wa Kariakoo. Hakuna aliyemdanganya. Bati limeandikwa 32 na kweli ni 32. Fundi akilipokea hasemi kitu. Anabana ncha ya bati kwa dole gumba na cha shahada, analitikisa kidogo lilie, kisha anauliza kwa upole kama risiti bado ipo.

Najua pingamizi linalokuja: acha maneno, feki zipo na ndizo tatizo. Zipo, tena tangu enzi za babu zetu. Karne ya 19 bunduki za kufanyia biashara zilizoshushwa Afrika zilibeba neno TOWER na taji, kama zimetoka kwenye ghala la Mfalme London, na nyingine zilitoka Liège moja kwa moja. Kule Khyber, mpakani mwa Afghanistan, mafundi walichonga taji na herufi V.R. za Malkia Victoria kwenye bunduki zenye miaka ya baada ya Januari 1901, alipofariki, na herufi N ya ENFIELD wakaigeuza nyuma mbele. Wahispania nao waliuza bastola zenye maandishi marefu kwamba risasi zinazozifaa zaidi ni za Smith & Wesson. Hebu iangalie kazi hiyo kwa makini. Hakuna sentensi ya uongo pale. Risasi hizo ziliingia vizuri tu. Muuzaji ameandika ukweli kwa herufi kubwa, akijua mnunuzi atasoma maneno mawili anayoyapenda na kuruka mengine. Kwa hiyo hata ghushi yenyewe, ile yenye akili, inaegemea kosa lilelile ninalolisema. Bila msomaji mwenye hamu haina kazi.

Sabufa ni mjukuu halali wa bastola hiyo. Mbele imeandikwa wati elfu kumi, na baada yake PMPO kwa herufi ndogo zenye haya. Kipimo hicho hakina kanuni inayokubalika, kwa hiyo namba inaweza kupanda hadi pale stika inapoishia. Geuza sabufa hiyohiyo nyuma, kwenye kibati karibu na waya, utakuta inajieleza kuwa inakula wati 60. Pasi ya wati elfu moja inafanya mita ya Luku ikimbie. Sabufa ya elfu kumi ingepaswa kuzima mtaa mzima kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Sijawahi kusikia mtu akishangaa kwa nini haizimi.

Kuna wanaojiona wamevuka hatua hiyo. Hao ndio watakaokueleza, kwa sauti ya kunong'ona, kwamba CE kwenye chaja ni ya Ulaya ikiwa herufi zimeachana, na zikibanana basi maana yake bidhaa imetoka China. Jambo hili liliwahi kuulizwa katika Bunge la Ulaya, na Tume ikajibu kwamba haina habari ya chapa yoyote ya namna hiyo ya Kichina. Hekaya haikufa, maana ni tamu, na inampa msemaji cheo. Cha kusikitisha ni kwamba ukweli una faida kuliko hekaya: kwa bidhaa nyingi CE hupigwa na mtengenezaji mwenyewe, akitangaza kuwa ametimiza masharti. Ni kauli ya mshtakiwa. Nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa 1813, ilikuwa jambo jingine kabisa, kwani mtu asiye na hisa kwenye bunduki aliijaza baruti kupita kiasi, akaifyatua, na iliyobaki nzima ndiyo ikapigwa muhuri. Alama ya ubora ya TBS iko upande huo wa ushahidi wa mtu wa nje. Anayezichukulia CE na TBS kuwa ndugu kwa kuwa zote ni alama ndogo mgongoni mwa bidhaa amekosea pakubwa kuliko aliyeuziwa feki, maana huyu wa feki anaweza kurudi kugomba.

Watu wa busara watasema sasa naelekea kuwafundisha wanunuzi kudharau maandishi. Hapana. Mkusanyaji mzuri anaishi kwa chapa. Mishale miwili ya serikali ya Uingereza iliyokutana ncha kwa ncha anajua kuwa ni taarifa ya kuondolewa kazini, bunduki imeuzwa nje ya jeshi, wakati mwenzake anaionyesha kwa wageni kama nishani. Wote wanatazama alama moja, ila mmoja ameuliza kwanza nani aliipiga na alikuwa anamwambia nani. Mara nyingi hakuwa anamwambia mnunuzi hata kidogo. Alikuwa anamwambia mtunza stoo.

Kariakoo maswali hayo hayagharimu kitu, na wauzaji wake ni wakweli kuliko wanavyosemwa, mradi uulize kwa mdomo. Ukisimama mbele ya kabati ukisoma stika, utaambiwa kila kitu ni OG, kwa kuwa umeshajijibu mwenyewe. Ukisema, "Kaka, mimi sisomi hizo, nipe ambayo ungempelekea mama yako," anakutazama kwanza, anacheka, anainama chini ya meza na kutoa isiyo na stika yoyote. Ni ghali zaidi.