Sukuma Mpaka Nkwenda

Pale Kayanga, gari likipiga stata kwa kujivuta, wataalamu hujaa kabla fundi hajafika. Huyu anaagiza betri mpya, yule anataka injini ifunguliwe, wa tatu anaita vijana wasukume. Na gari lenyewe ni Noah ya otomatiki! Hata mkiisukuma mpaka Nkwenda, Kyerwa, haiwaki.

Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6. Ikianguka chini ya 9.6 stata ikizunguka, imechoka au haina chaji. Isipoanguka, tazama nyaya na stata yenyewe. Lakini nani apime, wakati nyundo ipo?

Stata hujivuta pia kwa ile kutu nyeupe kwenye vichwa vya betri, nayo huondoka kwa maji ya magadi na msasa, karibu bure. Labda ndiyo maana mafundi wetu hawaioni.