Muulize Mjomba: Je, Ni Maroboti Wanaotugombanisha?

Wiki hii barua zimefurika, na karibu zote zinauliza jambo moja: ni kweli kuna maroboti kutoka sayari nyingine wanaopigana vita vyao kwa kututumia sisi? Mjomba amezisoma hadi chai ikapoa. Majibu ni haya.

Geti lifungwe au lisifungwe?

Shikamoo Mjomba. Barabara yetu hapa Kahawa Sukari ina geti moja, soja wawili na kikundi kimoja cha WhatsApp. Wenye nyumba wanataka geti lifungwe saa nne usiku. Wapangaji wanasema msongamano wa Thika Road huwachelewesha, kwa hivyo libaki wazi hadi saa sita. Tulikuwa tukibishana kistaarabu hadi ilipoingia namba isiyo na jina wala picha. Kila tukikaribia kuelewana, inatuma sauti: "Wapangaji ndio wanaoleta wezi." Kesho yake: "Wenye nyumba wanakula pesa za soja." Mwanangu, mpenzi wa filamu, anasema hao ni maroboti wa makundi mawili, wekundu na wa buluu, wanaoigombania dunia kisirisiri. Tuweke kamera inayotazama juu?
*Mweka Hazina Mwenye Hofu, Kahawa Sukari*

Marahaba, Mweka Hazina. Hebu tuihesabu safari hiyo. Roboti aiage nyota yake, aipite Mirihi, akwepe setilaiti zote, atue karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, avuke Thika Road kwa daraja la miguu, kisha ajitie kwenye ugomvi wa geti? Mwenye uwezo huo angetafuta mahali penye faida.

Kitu cha kutoka juu ambacho Mjomba anakijua kiliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024: pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliikagua likasema ni kipande cha roketi, pete inayotenganisha sehemu za chombo kikishapaa. Kwa hivyo hata chuma kilichodondoka kutoka mbinguni kilitoka kiwandani, na kiwanda hicho kina mwenyewe hapa hapa duniani.

Anzia basi na namba yenu. Pandisha mazungumzo hadi siku iliyoingia. WhatsApp huandika kama kuna aliyeiingiza au kama iliingia kwa kiungo. Admini aiulize jina na nambari ya nyumba mbele ya wote. Ikinyamaza, aitoe. Na wewe, kwa kuwa ndiwe mweka hazina, bandika getini hesabu ya mishahara ya soja, mwezi kwa mwezi. Ile sauti ya pili ilipata masikio kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona hesabu hiyo. Mchochezi hakuuleta ugomvi kwenu. Aliukuta, akaupulizia.

Nimejitukana mwenyewe hadi usiku wa manane

Niaje Mjomba. Nimemaliza chuo, nakaa Kahawa Wendani, kazi hakuna. Kuna jamaa ametuweka kwenye kikundi. Kila asubuhi anatupa hashtegi na maneno ya kubandika, jioni anatuma pesa, akikumbuka. Nina akaunti sita. Mmoja ni mwalimu mstaafu wa Nakuru, mwingine ni binti mcha Mungu wa Kilifi. Juzi wateja wawili wa pande tofauti walinikodi siku moja, basi mwalimu na binti wakatukanana hadi saa saba usiku, mimi nikiwalipia bando wote wawili. Shida ni kwamba mchumba wangu amejiunga na vita upande wa binti. Anamchukia yule mwalimu kufa, na ameapa siku akimpata atamfunza adabu. Nimwambie?
*Kidole Kimoja, Pande Mbili*

Kidole, watu wanakutafuta kwa darubini kumbe uko Wendani, umejifungia chumbani. Asubuhi u mwekundu, jioni u wa buluu, na sayari yako ni ile ya anayetuma M-Pesa.

Usidhani uko peke yako. Septemba 2021, watafiti Odanga Madung na Brian Obilo walichapisha ripoti kupitia wakfu wa Mozilla kuhusu biashara hii hapa Kenya. Walifuatilia hashtegi zisizopungua 11, jumbe zaidi ya 23,000 na akaunti zipatazo 3,700. Waliolengwa walikuwa pamoja na majaji na wanaharakati waliopinga mpango wa kubadilisha katiba, BBI. Maagizo yalipitia vikundi vya WhatsApp, kama chako, na malipo yalikuwa kati ya dola 10 na 15 kwa siku yenye kampeni tatu. Kwa viwango vya wakati ule, hiyo dola 15 ni kama shilingi 1,650.

Sasa piga hesabu hii. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inasema anayechochea chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ukipigwa faini hiyo, itakubidi utukane zaidi ya siku mia sita bila mapumziko ili uilipe, na bado hujala wala hujanunua bando. Atakayekuwa kizimbani ni wewe. Mteja wako hakuandika hata neno moja.

Kuhusu mchumba: mwambie leo, mchana, mahali penye watu. Mwalimu astaafu mara ya pili. Binti naye aolewe mbali, asirudi.

Mume na kaka hawajasemezana tangu 2017

Hujambo Mjomba? Mume wangu na kaka yangu walikosana wakati wa uchaguzi wa 2017 kwa sababu ya video iliyosambazwa kwenye kikundi cha familia. Kaka aliituma, mume akajibu, kaka akamtaja mama mkwe. Tangu hapo, mmoja akiingia nyumbani kwangu Ruiru, mwingine anatokea mlango wa nyuma. Sasa nasikia maroboti ndio waliotengeneza zile video. Ni kweli? Nikiwaeleza hivyo, watapatana?
*Mpishi wa Sufuria Mbili, Ruiru*

Mpishi, pole. Video yenu Mjomba hajui iliundwa na nani, lakini msimu ule ulikuwa na mafundi. Desemba 2017, shirika la Privacy International lilieleza jinsi kampuni ya Harris Media, ya Texas, ilivyofanya kazi kwenye kampeni ya mtandaoni ya kumpigia debe mgombea urais Uhuru Kenyatta na nyingine ya kumchafua mpinzani wake, Raila Odinga. Machi 2018, runinga ya Channel 4 ya Uingereza ikarusha picha za siri za Mark Turnbull, mkubwa mmoja wa kampuni ya Cambridge Analytica, akijigamba kwamba walikipa chama cha Uhuru sura mpya mara mbili, wakakiandikia manifesto, wakawahoji watu 50,000 mara mbili.

Usiwape wale wawili habari hii kama kisingizio. Wape kalenda. Uhuru na Raila walipeana mkono tarehe 9 Machi 2018. Cambridge Analytica ikatangaza kufunga milango Mei mwaka huo huo. Mwaka 2022 Uhuru akampigia Raila kampeni. Oktoba 2025 Raila akatangulia mbele ya haki. Vita vimekwisha, mwajiri kafunga duka, nao wangali kwenye mahandaki kama wanajeshi ambao hakuna aliyewakumbuka kuwatangazia amani.

Hata majitu ya kweli, yaani mataifa makubwa, ndivyo yalivyo. Mwaka 1977 Somalia iliivamia Ogaden, ndani ya Ethiopia, kwa silaha za Kisovieti. Wasovieti wakaihama, wakaimiminia Ethiopia silaha. Marekani, rafiki wa Ethiopia wa miaka mingi, ikaishia upande wa Somalia. Wakubwa walibadilishana viti. Waliokufa kule jangwani hawakupata nafasi ya kubadilishana chochote.

Jumapili pika sufuria moja. Kaka aombe radhi kwa lile la mama mkwe, kwa sababu hilo halikutoka Texas. Alilisema yeye.

Sipati usingizi

Mjomba, nilikuwa nikikagua picha na video zinazobandikwa mtandaoni kabla hazijaondolewa. Siku nzima ni vifo na vilio. Kazi niliiacha, lakini macho hayafumbi. Majirani hapa Githurai wanadhani natafuna miraa.
*Macho Mekundu*

Macho, kwako Mjomba anaweka utani kando. Wewe ndiye uliyemwona roboti wa kweli kwa karibu: programu inayopanga tunachokiona mtandaoni. Hana kabila, hana chama, wala hajui Tigray ya Ethiopia iko wapi. Anachojua ni kwamba ujumbe wenye hasira hubonyezwa zaidi, basi anaupandisha juu.

Bei ya kupandisha hasira hiyo inajulikana. Novemba 2021, Profesa Meareg Amare aliuawa Bahir Dar, Ethiopia, baada ya jina lake na mahali alipoishi kubandikwa Facebook pamoja na tuhuma. Mwanawe, Abrham Meareg, aliishtaki Meta, kampuni yenye Facebook, Desemba 2022 hapa hapa Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Wakaguzi wenzako nao walikwenda mahakamani: ripoti ya daktari iliyowasilishwa mwaka 2024 ilionyesha zaidi ya 140 kati yao wana maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko.

Kwa hivyo wewe ni mgonjwa, na ugonjwa wako una jina na tiba. Nenda hospitali, useme kazi uliyoifanya, usione haya. Usiende peke yako. Na hao wa miraa, waonyeshe ukurasa huu.

Jibu fupi

*Kwa aliyetia sahihi "Roboti, Anwani Haisomeki":* Umeomba kazi ya kuwagombanisha watu wa Kahawa Sukari hadi Thika. Nafasi hiyo ilijazwa zamani. Wenye hasira tunao, wenye pesa za kuilipia hasira hiyo tunao, na vidole vya kusambaza tunavyo hadi vya ziada. Nafasi iliyo wazi ni ya mtu wa kuuliza kikundini, kila siku bila kuchoka: "Hii umeitoa wapi, na nani aliyeilipia?" Mshahara hakuna, na utaitwa msaliti wa pande zote mbili. Ukiweza, njoo Jumatatu.