Sifa za Gari la Mbio Lililoishiwa Mbio

Probox imesifiwa vya kutosha. Kuanzia Sirari hadi Nyamongo kila mtu anajua kwamba inabeba abiria wanane na mbuzi, haina makuu, na fundi yeyote anaifungua akiwa amefumba macho. Ng'ombe naye amesifiwa tangu enzi za mababu, kwa ngoma na kwa litungu. Pikipiki ina wasemaji wake katika kila kijiwe. Aliyebaki bila mtetezi ni gari la mbio la mkononi: Altezza yenye kilomita laki mbili na ushei, iliyoegeshwa pembeni mwa mji wa Tarime, karatasi ya INAUZWA ikiwa kwenye kioo, inamsubiri kijana wa Nyarero aliyeuza mahindi vizuri. Watu wazima wakipita hutikisa vichwa. Basi mimi nitaisifu, na nitaisifu kwa ajili yako, mura, wewe ambaye kila ukishuka mjini unaizunguka mara mbili, unapiga teke taili, halafu unarudi nyumbani hujaamua.

Nianze na ukoo, maana kwetu mtu hasifiwi kabla ukoo wake haujatajwa. Altezza ilizaliwa Japani mwaka 1998, na papo hapo ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka la nchi hiyo. Mwenye makali katika familia anaitwa RS200: injini ya silinda nne ya lita mbili, ambayo Toyota iliitengeneza kwa msaada wa Yamaha, nguvu za farasi 210, gia sita za kuingiza kwa mkono, na msukumo unatoka magurudumu ya nyuma. Ndugu yake, AS200, ana silinda sita na farasi 160, na tabia za upole. Dashibodi yao ilibuniwa kwa mfano wa saa ya mkononi: kipimo kikubwa cha mwendo, na ndani yake vipimo vidogo vitatu, kimojawapo cha joto la maji. Kikumbuke hicho cha joto, mtazoeana. Mwaka 2005 Toyota ikaacha kuzitengeneza, kwa hiyo hata kitinda mimba wa ukoo huu ameshatimiza miaka 20.

Utauliza: kama ni nzuri hivyo, Mjapani aliiachia nini? Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Likizidi miaka 13, kodi yake hupanda. Mjapani hakuichukia Altezza yake. Alikaa mezani akapiga hesabu, akaona kuendelea kuipenda kunamshinda. Tofauti kati yake na wewe ni kwamba yeye alipiga hesabu.

Ilipotoka huko haikupokewa na kila mtu. Kenya, hapo ng'ambo ya Sirari, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda nayo ilifunga mlango mwaka 2018 kwa yaliyozidi miaka 15. Tanzania hatukufunga. Sisi ni watu wa huruma, ila huruma yetu ina risiti: juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani, gari lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 30, kwa kosa la kuzeeka. Mgeni aliyekubali kulipiwa faini ya uzee wake ili aje kuishi nasi, anastahili angalau kuandaliwa kiti.

Sasa kilomita, ambazo ndizo zinazokuogopesha. Kilomita 200,000 ni kwenda kutoka Dar es Salaam hadi Tarime zaidi ya mara 130. Wewe unaona uchovu. Mimi naona uadilifu. Gari la umri huo likikuonyesha kilomita 68,000, jua kuna mtu amelifundisha uongo kwa kompyuta ndogo ndani ya nusu saa. Lakini hakuna tapeli anayehangaika kurudisha kilomita nyuma halafu akaridhika kuishia 230,000. Msikilize dalali: "Hii ilikuwa ya daktari." "Hii ilikuwa ya mama mmoja, anaendea kanisani tu." "Namba D hii, full AC, haina hata chembe ya kazi, unaweka mafuta unaingia barabarani." Katika maneno yote utakayoambiwa siku hiyo, ile 230,000 ndiyo pekee iliyosema kweli, na imesema bila kuombwa.

Wasiolijua gari hili wanasema kasi yake itamwua kijana. Hao hawajaliona likipanda kwenda Nyarero. Tumbo lake liko chini ya sentimita 15 kutoka ardhini, na taili zake ni nyembamba ubavuni, kwa hiyo kila jiwe linakuja kujitambulisha kitini. Tuta la barabarani, ambalo Probox hulivuka dereva akiwa anapokea simu, kwako linakuwa kikao. Unasimama. Unalikata mshazari. Gurudumu moja linapanda, la pili linasubiri, ekzosi inakwaruza, unawaomba abiria washuke, wanashuka, wanakupita kwa miguu na kukungoja mbele. Ng'ombe wanakupita pia, na mchungaji wao anakusalimia kwa sauti ya pole. Masika yakiingia, tope la mlimani linakuambia ukae nyumbani, nawe unakaa. Injini ya RS200 hutoa nguvu zake zote ikifika mizunguko 7,600 kwa dakika. Katika maisha yenu ya pamoja hamtafika huko, na farasi wako wengi watazeeka bila kuitwa kazini.

Utasema, basi nikifika kwenye lami ya Sirari. Fika. Penye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, tochi ziko kazini, na kosa moja ni shilingi 30,000. Mwenye Probox akipita na 60 huonekana anawahi shughuli. Altezza nyekundu huhisiwa kuwa na haraka hata ikiwa imeegeshwa. Baada ya faini chache utaendesha kwa adabu ambayo baba yako aliitafuta kwako kwa fimbo bila kuipata. Gari hili limefanikiwa pale ambapo wazee na wahubiri walikwama: limempunguza kijana mwendo.

Sifa nyingine ni ukarimu. Fedha ikikaa kwa mtu mmoja huleta maneno. Gari hili halikubali ikae. Litamgawia fundi wa injini, litamgawia fundi umeme, litamgawia wa shokapu na bushi, halitamsahau mchomeleaji wa ekzosi baada ya kila tuta. Litamgawia muuza spea wa Mwanza, atakayekutumia koili moja kwa basi, na wiki inayofuata nyingine, kwa sababu koili zina umoja wa kufa kwa zamu. Serikali nayo inapata chake. Katika bajeti ya 2017/18 ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na kuhamishiwa kwenye lita ya mafuta. Maana yake, anayenywa kidogo anachangia kidogo. Wewe utalijenga taifa kila ukiwasha. Ni kweli injini ya RS200 ilibuniwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko Japani, na ikionjeshwa ile ya chupa inayouzwa njiani itagonga kidogo. Lakini uzalendo hauchagui chupa.

Na siku betri itakapogoma, vijana watano watatokea bila kuitwa, watasukuma, watakupa ushauri, kila mmoja atataja ugonjwa tofauti, na mtacheka. Kuna majirani ambao hawajasalimiana tangu kesi ya mpaka wa shamba, lakini wamewahi kuweka mikono pamoja kwenye bampa la Altezza.

Najua pingamizi litakalokuja: "Chukua Probox, itakuingizia hela." Sikatai, Probox inafanya kazi. Hilo ndilo kosa lake. Mwenye Probox halali. Usiku anagongewa mlango, kuna mjamzito wa kupeleka hospitali. Alfajiri kuna magunia ya shemeji. Jumamosi kuna maturubai na viti vya msiba, Jumapili kuna kwaya. Hawezi kukataa, maana kila mtu anaona kwa macho yake kwamba gari linaweza. Altezza inakupa udhuru usiojibika: "Mjomba, ningekuja, tatizo ni ile njia yenu." Mjomba anatazama tumbo la gari, anatazama njia, anakuonea huruma, na yawezekana akakupa nauli. Na ikitokea siku ambayo wewe mwenyewe umeugua usiku wa mvua, usiwe na wasiwasi: jirani yako ana Probox.

Lipo kundi la watu ambalo lazima nikuonye nalo, kwa sababu lina roho ngumu na linaweza kukuharibia. Unajua Mkurya anavyonunua ng'ombe mnadani: hadanganywi na pembe. Humfungua mdomo atazame meno, humtembeza aone miguu, hupapasa mbavu, huuliza katoka zizi la nani. Kijana mwenye heshima zake, akifika kwenye gari, huyaacha yote hayo. Hutazama rimu, husikiliza spika, inatosha. Lakini hawa ninaokuonya nao hulitendea gari la watu kama ng'ombe wa mnadani. Huja asubuhi mapema bila taarifa na kushika boneti, wahakikishe injini haijapashwa moto kabla yao. Huwasha wakitazama moshi: wa bluu, wanasema inakula oili, mweupe usiokoma, wanasema maji yameingia kwenye silinda. Hufungua kifuniko cha oili kutafuta utando mweupe chini yake. Huzungusha ufunguo nusu tu, waone kama taa ya injini inawaka kabla ya injini kuunguruma. Isipowaka kabisa wanadai kuna aliyeing'oa ili isitoe siri. Huuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, eti kwa sababu RS200 na AS200 zote zinatumia mkanda badala ya mnyororo, na mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000.

Hawaishii hapo. Hulala chali chini ya gari na kurunzi, wakitafuta mahali chesisi ilipochomelewa. Husoma namba ya chesisi na kuilinganisha na kadi. Huangalia kama gari lina deni la faini, na hawatoi fedha yote mpaka umiliki ubadilishwe TRA. Kisha, kabla hata ya kununua, huweka kando fedha nyingine ya mkanda, bushi, shokapu na taili, na fedha hiyo isipokuwapo wanasema gari lenyewe hawana uwezo nalo. Umewahi kuona mapenzi ya namna hiyo? Wengi wao huishia kununua Probox, na hakuna anayewapigia litungu.

Wewe si wa kundi hilo, na ndiyo maana nakwambia: nunua. Usijidanganye tu kwamba unanunua mbio. Mbio zilibaki Japani, zilizokuja nazo zimekaa ndani ya injini kwa sababu ya matuta, tope, tochi na bei ya mafuta. Unachonunua ni kuonekana, na hapo hujapunjwa hata senti. Probox hupita Nyarero mtu akiwa bado anatafuta kandambili zake atoke nje kuona ni nani. Wewe utapita polepole kiasi kwamba kila nyumba itapata muda wa kutoka, kukutambua, kukuuliza hali ya mama, na kuulizana wao kwa wao mahindi gani yale yaliyolipa hivi. Na tuta likiwa mbele ya mlango wa watu ambao ungependa wakuone, lichukue tuta hilo bila haraka.

Kuna ushauri mmoja tu wa busara nitakaokupa, nisije kulaumiwa. Usiende na fundi wa dalali. Nenda na wako mwenyewe, mtu mzima, aliyewahi kufungua injini hizi. Mpe nafasi, akae kimya, akague. Akishamaliza, akafuta mikono, akakwambia, "Mura, achana nayo," mshukuru, mlipe haki yake, mnunulie na soda. Kisha tafuta fundi wa pili, na ikibidi wa tatu, mpaka umpate atakayekubaliana na moyo wako. Tarime hawakosekani.